Karanga za Mzee wa Usingizi

Mzee wa Usingizi hakumuuliza mgonjwa hata siku moja kama amekula. Swali hilo lipo kwenye fomu, lina kisanduku chake cha kuweka alama, na sisi wote tuliosomea kazi ya kulaza watu usingizi kwa ajili ya upasuaji tulifundishwa kuliuliza kabla ya lolote. Yeye alilipita kama halioni. Alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda, akapangusa miwani kwa ncha ya koti, kisha akaanza kwa sauti ya karani anayeita majina.

"Uji?"

"Hapana."

"Chai?"

"Hapana."

"Maziwa? Togwa? Ubuyu? Muwa? Zabibu?"

Mgonjwa akifika kwenye zabibu ndipo macho yanapoanza kuhamahama.

"Zabibu si chakula, baba."

"Ngapi?"

"Kichala kimoja tu. Kidogo."

Basi. Upasuaji unahamishiwa kesho, daktari wa upasuaji anavua glavu kwa hasira, na Mzee wa Usingizi ananigeukia. "Umeona, mtani? Ungemuuliza kama amekula, angekuapia kwamba hajala, na angekuwa anasema kweli."

Na ni kweli. Mimi ni Mgogo wa Mvumi. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtu akishakula karanga, mihogo na nusu ya tikiti, halafu ugali ukachelewa, atalala akilalamika kwamba ameshinda na njaa. Kwetu kula ni ugali na mlenda, vingine vyote ni vya kupoza mdomo. Inaniuma kidogo hadi leo kwamba jambo hilo la kwetu nilikuja kufundishwa na Mhehe kutoka Iringa.

Jina lake silitaji, na nadhani hospitalini tuliolijua hatukuzidi watano. Hata kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani aliandikwa hivyo hivyo, Mzee wa Usingizi, katikati ya majina ya watu wengine yaliyokamilika. Hospitali yetu iko nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande ule ambao upepo wa mwezi wa saba ukianza, vumbi linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Yeye aliishi Chang'ombe na mkewe, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza nilimuogopa, wa pili aliniudhi, na iliyobaki sikutaka kufanya kazi na mtu mwingine.

Orodha yake ilikuwa na chanzo chake. Kwa asiyejua, mtu akilazwa kwa dawa, koo lake nalo linalala. Kilichomo tumboni kikipanda, hakuna cha kukizuia kisiingie kwenye mapafu, na watu hufa hivyo. Zamani, kabla sijafika, aliletewa mkulima mwenye ngiri iliyojikaba. Akamuuliza kama sisi wote tunavyouliza: umekula? Mkulima akasema hajala tangu jana. Dawa ilipoingia tu, bakuli zima la uji wa uwele likapanda. Mzee alimgeuza ubavu, akamnyonya koo kwa mashine, akatoa alichoweza kutoa, na mtu yule akaishi siku tisa kwenye oksijeni huku ndugu zake wakiwa wameshaanza kunong'ona habari za jeneza. Siku zote hizo tisa Mzee alikwenda kukaa naye baada ya kazi. Alikaa tu. Siku ya kumi mkulima akafumbua macho, akamtazama kwa huruma, akasema kwa taabu, "Lakini baba, ule ulikuwa uji."

Jioni ile Mzee aliichukua kalenda ya mwaka uliokwisha, akaigeuza nyuma, akaandika kwa kalamu ya wino mzito neno moja, UJI, na kuibandika kwenye ukuta wa wodi.

Mimi nilipofika, karatasi ile ilishashuka karibu na sakafu, imeongezewa vipande kwa gundi ya plasta. Kila neno lilikuwa na mwenyewe. KAHAWA ilikuwa ya afisa mmoja aliyekuja na kompyuta yake mpaka kitandani. "Dokta, mimi niko empty kabisa," alisema, "nime-take kahawa tu, na ni black, haina hata sukari." Kwa hesabu yake, kisicho na sukari ni kama hakikupita. UDONGO ulikuwa wa mama mjamzito aliyejibu hapana kwa kila kitu, kwa utulivu, mpaka Mzee alipoona vumbi jekundu kwenye pembe za midomo yake. MAJI YA UPAKO yalikuwa ya mama mcha Mungu aliyekunywa chupa nzima asubuhi ile ili upasuaji uende vizuri, na alipoambiwa kwamba kwa sababu hiyo hauendi kabisa, alisema shetani ana mbinu nyingi. JOJO, ile ya kutafuna, ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga, na chini yake Mzee aliongeza kwa herufi ndogo: AMEIMEZA. Niliyempenda kuliko wote ni mama lishe wa KUONJA. Alikuwa amepika pilau ya arusi alfajiri kabla ya kuja hospitali. Hakula, alionja. Tulipombana vizuri ikaonekana alionja masufuria matano, na ya mwisho aliionja mara mbili kwa sababu ilizidi chumvi.

Hakumgombeza hata mmoja wao. Aliniambia mtu anayegombezwa leo kesho atakuficha, na cha kufichwa ndicho kinachoua. Mimi niliwagombeza kwa niaba yake, kwenye korido, baada ya yeye kuondoka.

Silaha yake nyingine ilikuwa utani. Wahehe na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuzika ungali hai, na kuchukua kitu chako pasiwe na kesi. Mzee wa Usingizi aliitumia ruhusa hiyo kama wengine wanavyotumia dawa ya kutuliza. Namkumbuka mzee mmoja mfugaji aliyeletwa kutolewa figo. Alikuwa amekamaa kitandani kwa hofu, hasemi, hatazami mtu. Mzee wa Usingizi akaingia na mikono nyuma.

"Mbukwa!" akamwamkia kwa Kigogo. "Nimeambiwa kuna msiba hapa."

Mfugaji akageuza shingo taratibu. "Wewe ni wa wapi?"

"Iringa."

Uso ukafunguka. "Msiba bado. Njoo kesho."

"Kesho sina nafasi. Tumeshapanga, tunakuzika saa nane. Na fahali wangu nimeshamchagua."

"Chukua yule mwenye pembe iliyovunjika, ndiye saizi yako, mnywa ulanzi we!"

"Pembe sitaki. Nataka na hii kofia." Akamvua mzee wa watu kofia yake ya sufu na kuivaa mwenyewe. "Ukifa ni yangu."

Wakati wote huo vidole vyake vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, anahesabu mapigo, na mimi niliyekuwa nasoma mashine niliyaona yakishuka kutoka mbio za mtu anayefukuzwa na fisi hadi mwendo wa mtu anayerudi kutoka mnadani. Aliivaa kofia ile juu ya kofia yake ya chumba cha upasuaji hadi mlangoni, akaiweka kwenye rafu. Saa nne baadaye, mgonjwa alipoanza kuzinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kofia yangu iko wapi?"

"Umeona?" Mzee aliniambia. "Akili yote imerudi. Ingekuwa imepungua, angeuliza yuko wapi yeye."

Ndivyo alivyofanya kwa watani wake wote. Alichukua fimbo, shanga, kandambili, na safari moja meno ya bandia, na aliyeamka akakidai chake kwa jina alihesabiwa mzima. Alivirudisha vyote, shingo upande, akinung'unika kwamba Wagogo hawajui kufa.

Tatizo ni kwamba wodi haina kuta kati ya vitanda. Siku ile ya mfugaji, kitanda cha pili alilala karani mpole kutoka Tanga, aliyehamishwa na ofisi yake kuja makao makuu wiki mbili tu kabla. Huyu hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Alichosikia ni kwamba mtaalamu wa usingizi amemwambia mgonjwa atazikwa saa nane, amemgawa ng'ombe wake na kumvua kofia. Naye alikuwa amepangiwa upasuaji wake saa nane hiyo hiyo, baada ya mfugaji. Tulipokuja kumchukua, kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa ametembea hadi getini na lile gauni letu lililo wazi mgongoni, ameinua chupa ya dripu juu kwa mkono mmoja, na askari wa getini alituambia baadaye kwamba alimfungulia kwa sababu alitembea kama mtu mkubwa. Tulimkuta ng'ambo ya barabara kwenye kibanda. "Kama ni kufa," alituambia kwa upole wake wote, "nife nimeshiba." Mzee akarudi wodini na kuandika CHIPSI MAYAI. Tangu siku hiyo aliuliza kabila kwanza, kwa kunong'ona.

Ila usije ukadhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Mtu huyu aliyepita akiwanyang'anya watu muwa na zabibu, yeye mwenyewe mfuko wa kulia wa koti lake haukuwahi kukosa karanga. Mkewe alizikaanga kwenye mchanga, kila siku, na kuzifunga kwenye mfuko mdogo wa nailoni. Wagonjwa wenye njaa ya tangu jana walizisikia zikichezacheza mfukoni anapoinama kuwapima kifua. Nilimwambia ni ukatili. Akaniambia hazigusi.

Na kweli hakuzigusa, mpaka mgonjwa aamke. Upasuaji mkubwa ukichukua saa sita, saa sita hizo alishinda na njaa, mkono wa kushoto chini ya taya ya mgonjwa, hata mpira ulipokuwa umeshapitishwa kooni na mashine inapumua kwa niaba ya mtu. Mashine alikuwa nazo, na alizitazama, lakini umeme wetu wa siku zile ulikuwa na mambo yake, na yeye alipenda kujua habari za mgonjwa kwa kiganja kabla hajaambiwa na taa. Mgonjwa akishafumbua macho na kudai kofia yake, ndipo Mzee alipotia mkono mfukoni, akatupia karanga mbili tatu mdomoni, akasukuma mlango na kutoka kwenye korido.

Ndugu waliosubiri kwenye benchi walishaijua. Hawakuuliza kitu. Walimtazama mdomo. "Anatafuna!" mmoja akishasema, ni vigelegele, na wanawake wanakumbatiana, na daktari wa upasuaji anayetoka nyuma yake na maelezo marefu anakuta hakuna anayemsikiliza. Habari hiyo ilisambaa vijijini kuliko matangazo yetu yote ya afya. Nilikutana na watu Chamwino ambao hawakujua hospitali yetu ina vitanda vingapi lakini walijua kwamba yule mzee akitoka anatafuna, mtu wako yuko hai.

Sasa fikiria siku aliyoumwa jino. Alikuwa amemlaza bibi mmoja vizuri kabisa, bibi akaamka, akadai shanga zake, kila kitu sawa. Mzee akatoka, shavu limevimba, mdomo umefungwa kabisa. Korido nzima ikamtazama. Hakutafuna. Kabla sijafika mlangoni, watoto wa bibi walikuwa wameshaanguka sakafuni wakilia, mwanamume mmoja ameshapiga simu Kondoa kuagiza watu waanze safari, na ndani bibi mwenyewe anauliza ni nani kafa. Ilibidi nimsukume Mzee kwenye kona, nimtie karanga moja mdomoni kwa nguvu, na yeye aitafune mbele ya umati huku machozi ya jino yakimtiririka. Walidhani analia kwa furaha. Mwaka huo bibi alimletea kuku.

Ukinzani wake mwingine ni kwamba alilala kila mahali isipokuwa kazini. Kwenye kikao alilala kabla ya ajenda ya kwanza. Kanisani alikoroma mpaka mchungaji akawa anapandisha sauti kila anapofika mstari wa tatu wa mahubiri, kwa mazoea. Na sindano, mtu huyu aliyechoma migongo ya watu wasiohesabika, sindano aliziogopa kama mtoto. Zamu ya chanjo ya wafanyakazi ilipofika, alitoweka. Nilimkuta kwenye stoo ya mashuka, amelala juu ya marobota, mikono kifuani. Mimi ni mtu mbaya, nikiri. Nilikwenda kuichukua sindano, nikamchoma hapo hapo. Alijikuna bega, akageuka upande wa pili. Alipoamka alilalamika kwamba mbu wa stoo ile wamekua sana.

Wakati ule nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuelewa kwamba mtu anayejificha kwa sindano ndogo kama ile, iko siku atajificha kwa kubwa zaidi.

Alistaafu. Kiti chake nikakirithi mimi, na ile karatasi ya ukutani, na kwa miaka miwili tulionana tu Jumamosi sokoni, nampa shikamoo, ananiuliza ni neno gani jipya limeongezeka. Halafu akaja wodini na miguu yake, na mkewe, na bahasha ya picha. Alikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Daktari wa upasuaji, dada mmoja kijana asiyependa kupoteza maneno, alimweleza wazi: ukitolewa wiki hii, kabla haujaziba njia na kabla haujasambaa, ana miaka yake. Ukiachwa, hana. Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa habari za jirani.

"Na wa kunilaza ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mgogo?"

"Ndiye aliyepo."

Mkewe alinivuta kando kabla hajaondoka kwenda kulala. "Mwanangu," aliniambia, "namjua mume wangu. Atatafuta pa kutokea. Usimwachie."

Nilidhani anazungumzia geti. Nikamwonya askari.

Asubuhi ya upasuaji nilivuta kiti, nikakaa, nikavaa miwani yangu. Alikuwa ameketi kitandani na gauni letu la aibu, koti lake la zamani amelitupia mabegani akidai ni baridi.

"Huna haja ya kunisomea," alisema. "Orodha nimeiandika mimi."

"Ndiyo maana nakusomea. Uji?"

"Hapana."

"Chai? Maziwa? Togwa?"

"Hapana, hapana, hapana."

Nikashuka nayo yote, neno kwa neno, mpaka kwenye udongo na maji ya upako, na alijibu kila moja akitabasamu kidogo, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi wake akisoma vizuri. Nikafika karibu na chini.

"Karanga?"

Alitazama dirishani. Nje vumbi lilikuwa linapita.

"Mzee. Karanga?"

"Sasa, mtani," alisema polepole, "karanga nazo ni chakula?"

Tukatazamana. Nadhani alijisikia mwenyewe maana masikio yalimwiva.

"Ngapi?"

"Kiganja."

"Kiganja cha nani?"

"Changu." Akameza mate. "Viwili. Alfajiri hii."

Nilikasirika. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Chumba kimeandaliwa, damu imeshapatikana, dada daktari ameshanawa. Nilifungua mdomo nimwambie yote niliyowahi kuwaambia wagonjwa wake kwenye korido, na hapo ndipo nilipoelewa. Mtu aliyeiandika karatasi ile kwa miaka ishirini hawezi kusahau. Alijua hakuna mtaalamu yeyote mwenye akili atakayemlaza mtu mwenye karanga tumboni, na mimi amenifundisha mwenyewe. Alikuwa amejificha kwenye stoo ya mashuka, safari hii kwa karanga.

"Umefanya makusudi," nikasema.

"Naogopa," alisema. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, akinitazama. "Wale wote walilala kwa sababu walikuwa hawajui. Mimi najua kila mahali mtu anapopotelea. Dawa hii moyo unaweza kukataa, ile koo linaweza kukaza, huku mapafu. Usiku kucha nilizihesabu njia hizo. Nikafika kumi na saba, nikaanza karanga."

Mwenyewe angekuwa amekaa upande wangu wa kitanda, angejua la kusema. Nilitaka kulia, na nilijua nikilia mapigo yake yatapanda. Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye kifundo cha mkono wake vyenyewe. Yalikuwa yanakimbia.

Nikatia mkono mwingine kwenye mfuko wa kulia wa koti. Mfuko wa nailoni ulikuwemo, umebaki robo tatu.

"Hizi nazichukua," nikasema. "Tunakuzika kesho saa nane. Ukifa ni zangu."

Alinikodolea macho.

"Na nisipokufa?"

"Ni zangu vilevile."

"Sasa hapo nafuu yangu iko wapi?"

"Utaamka uzigombanie, mnywa ulanzi we."

Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika tumbo lile lenye ugonjwa, na chini ya vidole vyangu nikayasikia mapigo yakishuka, moja moja, hadi mwendo wa mtu anayerudi kutoka mnadani. Nikaenda kumwambia dada daktari kwamba ni kesho. Alivua glavu kwa hasira. Mkewe alipopata habari aliweka kiti karibu na kichwa cha mumewe, akakaa hapo hadi asubuhi, akimtazama mdomo.

Siku ya pili orodha ilipita safi. Mezani, nilipomwekea barakoa ya oksijeni, aliisogeza kidogo. "Ziko wapi?" Nikagonga mfuko wangu, zikalia. "Mwizi," alisema, akavuta pumzi, na dawa ikamchukua.

Upasuaji ulichukua saa nne na dakika kadhaa. Kiganja changu cha kushoto hakikutoka chini ya taya yake. Katikati presha ilimshuka ghafla, dada daktari akasimamisha mikono, mimi nikafungua maji ya dripu na kusukuma dawa na kuomba kwa Kigogo, lugha ambayo huwa siombi nayo, na ikapanda. Uvimbe ukatoka mzima. Tulipomaliza nilizima dawa, nikasubiri aamke.

Hakuamka. Wazee huchelewa, najua, nimewaambia mamia ya ndugu hivyo. Dakika tano. Kumi. Pumzi zake zilikuwa nzuri, rangi nzuri, mashine zote zinasema ndiyo. Mpira nikautoa kwa kuwa alikuwa anapumua mwenyewe na kukohoa. Lakini macho yamefungwa. "Mzee," nikaita. "Mzee, amka, tumemaliza." Nikamfinya bega. Nikaita jina lake, lile tulilolijua watu watano. Dada daktari alisimama nyuma yangu. Zote kumi na saba zilinipitia kichwani, na ya kumi na nane.

Nikatoa mfuko wa nailoni. Nikaushika karibu na sikio lake, nikautikisa.

Kope zikacheza. Midomo ikasogea. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mpira, ilibidi niiname.

"Weka chini. Zangu."

Nilimkabidhi kwa sista, nikavua glavu na kusukuma mlango.

Korido ilikuwa imejaa. Alikuwepo mkewe, na majirani wa Chang'ombe, na mwenye duka la vipuri vya baiskeli, na yule mfugaji wa figo moja na kofia yake kichwani, sijui nani alimwambia. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wote walinitazama mdomo.

Nilikuwa sijala tangu jana mchana, wala sikukumbuka mpaka pale. Ulimi ulikuwa mkavu kama chokaa. Nikatia mkono kwenye mfuko wa nailoni, nikaweka karanga tatu mdomoni, nikatafuna.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule mfugaji, mwanamume mzima. Vya wengine vikafuata, na nikazungukwa, na mkewe akapenya katikati yao hadi mbele yangu. Alinishika mashavu yote mawili. Kisha akautazama mfuko.

"Hizo si zile nilizomkaangia ale akitoka?"

"Ndizo."

"Sikuzipepeta vizuri, mwanangu. Nilikuwa nalia. Zina mchanga."

Zilikuwa na mchanga kweli. Nilizitafuna zote.